Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwanini Hatujagawana Faida

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Hesabu zenyewe mweka hazina atazisoma kwenye mkutano mkuu, mimi naongelea lile jambo lililotuletea ubishi vikao vyote vya mwaka huu, yaani kwanini kamati inagoma kugawa faida ya nyumba yetu ya kupangisha, tuliyonunua kwa mkopo wa benki, wakati wapangaji wanalipa. Jibu ni kwamba kodi ikiingia benki bado sio faida.

Chukueni nyumba moja ya mfano. Kodi 100 kwa mwezi, rejesho la mkopo 60, halafu bima, mafundi, usafi na msimamizi wanakula 25, inabaki 15 ambayo kwa mwaka ni 180, na hapo ndo watu wanaanza kuulizia mgao. Sasa mpangaji ahame, nyumba ikae tupu mwezi mmoja, 100 imeshaondoka hapo maana rejesho halisubiri, ikikaa miwili tuko chini kwa 20 na bado hatujapaka rangi wala kumlipa dalali. Na hiyo sio nyumba mbaya jamani! Ukitoa matumizi inabaki 75 ya kulipia rejesho la 60, yaani mara 1.25, na benki nyingi zinaridhika kwenye 1.2 au 1.25. Ila benki inachoangalia ni kama itapata hela yake, nyie mkibaki na kitu au msibaki hiyo haiwahusu.

Halafu kuna riba. Mkopo wetu ni wa riba inayobadilika, na kuna mjumbe alisema ikitoka asilimia 6 kwenda 8 imepanda mbili tu, sio ishu. Mbili za nini? Ukilinganisha na ile 6 ya mwanzo riba imepanda theluthi nzima, na miaka ya mwanzo ya mkopo sehemu kubwa ya rejesho ndo riba yenyewe, deni linapungua kidogo kidogo sana. Kwenye nyumba yetu ya mfano rejesho likifika 70 inabaki 5 kwa mwezi, 60 kwa mwaka, mwezi mmoja tu wa nyumba tupu unaimeza yote na kudai 40 juu.

Ndo maana kamati inataka akiba ya miezi 6 ya rejesho na matumizi. Kwa nyumba ile ni 85 mara 6, sawa na 510, karibu ziada ya miaka mitatu, kwa hiyo ukisema utaijenga polepole kutokana na kodi paa litavuja kabla hujafika. Akiba inatakiwa ihesabiwe siku ya kununua, kama sehemu ya bei. Lile pendekezo la kuichukua tuweke malipo ya awali ya nyumba nyingine mimi nimelipinga na nitaendelea kulipinga, tutakuwa na nyumba mbili na mikopo miwili halafu mfukoni hakuna kitu, na siku zote mbili zikikaa tupu kwa pamoja tutauza kwa bei ya mnunuzi.

Amana za wapangaji, yaani ile hela ya dhamana wanayoweka wakiingia, tumezihamishia akaunti yake peke yake. Ile sio hela yetu, ni deni, mpangaji akiondoka vizuri anarudishiwa.

Bima nayo tumeipandisha. Ilikuwa imekatwa kwa bei tuliyonunulia wakati gharama ya kujenga upya imeshaipita mbali, na mikataba mingi ya bima ina kipengele kwamba ukikatia asilimia 60 ya thamani, hasara ya 50 unalipwa 30 tu, hata kama haijafika kiwango ulichokatia. Tumeongeza na fidia ya kodi inayopotea nyumba ikiungua au ikifurika, hii ndo wengi hawaijui. Vitu vya mpangaji havimo kwenye bima yetu, wasimamizi muwaambie mapema kabla ya lawama.

Kwenye mkutano tutapigia kura mambo mawili, kiwango cha akiba na kama tuiombe benki riba isiyobadilika hata kama itaanza juu kidogo. Nakala ya mkataba wa mkopo iko kwa katibu, ipitieni kabla, hasa ukurasa wa faini ya kumaliza mkopo kabla ya muda wake. Wanaogombea nafasi ya mweka hazina wapeleke majina kwa katibu pia.