Saa ya Murph ingeachwa iwe saa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi si mtu wa sinema. Kwa mwaka hutazama filamu mbili au tatu, tena nusunusu, kwa sababu usingizi hunichukua kabla adui hajajulikana. Kazi yangu ni ufundi wa saa, nimeifanya miaka 34, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Miaka nenda rudi nimesikia sifa za Interstellar, filamu ya Christopher Nolan iliyotoka mwaka 2014. Kitinda mimba wangu ameitazama mara saba. Kila nikisema neno lolote kuhusu muda, hata kwamba chai imechelewa, hunikatiza: "Baba, wewe hujaiona Interstellar." Wiki iliyopita nikamwambia haya, iweke tumalize maneno. Tulianza saa 2 kamili usiku, tukamaliza saa 5 kasoro dakika 11. Nilipima. Sikusinzia hata mara moja, na hilo peke yake ni sifa ambayo sijaipa filamu nyingi.

Kwa asiyeijua: dunia imechakaa, vumbi limetanda, mazao yanakufa moja baada ya jingine na tegemeo lililobaki ni mahindi. Cooper, rubani wa zamani aliyegeuka mkulima na aliyefiwa na mke, anaitwa kwenda kutafuta sayari nyingine ya kuhamia watu. Binti yake Murph, mwenye miaka 10, amenuna, hataki kusikia. Kabla ya kuondoka baba anampa saa ya mkononi, naye anabaki na yake. Anamweleza kwamba huko aendako muda unaweza kwenda polepole, na akirudi watazilinganisha hizo saa mbili. Pengine watakuta wako rika moja. Mtoto anaitupa ile saa.

Hapo nikakaa sawasawa kitini. Kulinganisha saa mbili ndiyo kazi yangu yote. Saa ya mteja huiweka kando ya ile ninayoiamini, nikaziacha usiku kucha, asubuhi nikaangalia ipi imetangulia. Saa ya springi ikikosea sekunde tano kwa siku, mimi humpongeza mwenye nayo. Sasa Cooper na wenzake wanashuka kwenye sayari iliyo karibu na Gargantua, shimo jeusi lenye uvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Uvutano huo huchelewesha muda, hata saa 1 kwenye sayari hiyo ni sawa na miaka 7 ya duniani. Nilichukua karatasi. Saa ikipiga tiki moja kule, huku zimepita saa 17. Yaani tangu unapoamka alfajiri hadi unaporudi kitandani, mshale wa sekunde wa Cooper umesogea mara moja tu. Kama ningeitazama filamu yenyewe nikiwa kwenye sayari ile, ningeinuka kitini nikute karibu miaka 20 imekwenda.

Wapo watakaosema ni hadithi tu. Kwa hili nitaitetea filamu, maana baadaye nilisoma. Mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walipakia saa za atomu kwenye ndege za abiria wakaizunguka dunia, na zilizokwenda upande wa magharibi zilirudi zimetangulia kwa nanosekunde 273, yaani sehemu 273 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Saa zilizo kwenye setilaiti za GPS hutangulia zetu kwa maikrosekunde 38 (sekunde iliyogawanywa mara milioni) kila siku. Zisiporekebishwa, simu yako itakosea njia kwa kilomita kama 10 kwa siku. Kwa hiyo jambo lenyewe lipo, filamu imelikuza tu. Mshauri wao alikuwa Kip Thorne, mwanafizikia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, na hesabu zake ndizo zilizotumika kuchora lile shimo jeusi. Baadhi ya picha moja moja zilichukua kompyuta hadi saa 100. Picha ya kwanza ya kweli ya shimo jeusi ilipotangazwa Aprili 2019, nayo ilikuwa na pete ya mwanga iliyozunguka giza.

Kuhusu sauti nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengine wameshalalamika tangu filamu ilipotoka. Kinanda cha kanisani kinanguruma, watu wanazungumza mambo mazito ya uhai na kifo, na wewe unasoma midomo. Nolan alisema alikusudia iwe hivyo. Mimi nilikusudia kusikia. Tukaishia kuweka maandishi chini ya picha.

Sasa nifike kwenye mzee Romilly, mmoja wa wenzake Cooper safarini, na namwita mzee kwa heshima. Wenzake wanashuka kwenye ile sayari ya maji, yeye anabaki juu katika chombo akiwangoja. Mawimbi makubwa kama milima yanawakuta, injini inaingia maji, wanachelewa. Wakirudi, mlango unafunguliwa na mtu mwenye ndevu zilizoingia mvi. Anawaambia imepita miaka 23, miezi 4 na siku 8. Kwa hesabu yangu hiyo ni saa 3 na dakika 20 za kule chini, muda ambao mimi hutumia kufungua saa moja ya ukutani, kuisafisha na kuirudisha. Huyu bwana amengoja miaka 23. Filamu inampa sentensi chache, kisha kamera inamwacha. Mwanangu aliponiona nimekunja uso alidhani sijaelewa. Nilielewa vizuri sana, ndiyo maana nilikasirika.

Hata hivyo, kinachofuata ni kizuri kuliko chochote nilichopata kuona kwenye kioo cha televisheni. Cooper anakaa peke yake kutazama salamu za video zilizorundikana. Mwanawe wa kiume anamaliza shule, anaoa, anapata mtoto, anamzika, mwishoni anasema haoni tena haja ya kuendelea kutuma. Cooper analia, anacheka, anafuta uso kwa kiganja. Ghafla anatokea Murph, mwanamke mzima, mara yake ya kwanza kutuma salamu. Anasema leo ni siku yake ya kuzaliwa, na amefikia umri aliokuwa nao baba yake alipoondoka.

Hakuna saa inayoonekana katika salamu hiyo, lakini ndipo zile saa mbili zilipolinganishwa. Baba aliahidi huenda watakuwa rika moja, na binti amekuja kumwambia ahadi imetimia, isipokuwa yeye mwenyewe hayupo. Nilimtazama mwanangu kwa pembe ya jicho. Mtu aliyeiona mara saba alikuwa bado anameza mate.

Kama ningekuwa mimi, ningeanza kufunga mkoba hapo. Filamu inaendelea zaidi ya saa nzima. Kuna mwanaanga anayetueleza kwamba upendo hushinda muda na umbali, kana kwamba hatujaona hilo likitokea mbele ya macho yetu bila maelezo. Halafu Cooper anatumbukia ndani ya shimo jeusi, anajikuta nyuma ya rafu ya vitabu ya chumba cha binti yake, na kupitia huko anaanza kuusukuma mshale wa sekunde wa ile saa, nukta na mistari ya Morse, ile lugha ya simu za maandishi za zamani, ili Murph apate hesabu za kuokoa binadamu.

Naiona picha ile mpaka sasa. Mshale unaruka mbele, unarudi nyuma, unatetemeka pale pale. Wateja huniletea saa za namna hiyo kila wiki. Tisa kati ya kumi ni betri inayokwisha, ya kumi ni kauchafu kadogo kwenye meno ya gurudumu. Tena ile imekaa rafuni zaidi ya miaka 20 katika nyumba yenye vumbi la kufagia mara tatu kwa siku. Mafuta ndani yake yamekuwa gundi zamani. Mwanangu akasema, "Baba, anayesukuma ni nguvu ya uvutano, si betri." Sawa, nimekubali. Sikuleta barua hii kubishana kuhusu betri.

Ninachogombea ni hiki. Ile saa ilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko kupeleka simu ya maandishi. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja na saa ya marehemu mumewe. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mrefu kutoka kwenye namba 10 hadi karibu na 4. Nikamwambia kioo kipya ninacho, hakichukui hata robo saa kubadilisha. Akaukinga mkono wangu. "Tengeneza ndani, kioo usikiguse." Nilifanya hivyo, nikafunga mfuniko, nikamkabidhi. Aliivaa pale pale ingawa mkanda ulimzidi, ikateleza hadi karibu na kiwiko, akaenda zake. Hakuna aliyemtumia ujumbe wowote kupitia ile saa. Hakuhitaji.

Watengenezaji wa Interstellar walikuwa na kitu cha namna hiyo mkononi, baba na binti na saa mbili zilizoachana, wakaona hakitoshi mpaka kiokoe dunia. Nadhani waliogopa sisi watazamaji wa kawaida hatutaridhika na baba aliyechelewa tu. Mimi niliridhika kabisa kwenye zile salamu za video. Nilichoshwa pale nilipoanza kuelezwa.

Wanaoipenda hawapendi kuambiwa hivyo. Mpwa wangu, aliyepata habari zangu kutoka kwa mwanangu, alinipigia simu kuniambia nirudie, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna anayeielewa. Nikamuuliza, mtu akinirudishia saa niliyoitengeneza akisema inachelewa, nimwambie aivae tena kwa sababu hajaielewa? Alicheka, lakini hakubadili msimamo, na kwa kweli hata mimi nitairudia. Nimeshapanga. Nitaanzia pale mlango unapofunguliwa na yule bwana mwenye mvi.

Maana kuna jambo halinitoki. Katika miaka ile 23 Romilly hakuwa peke yake kabisa, alibaki na TARS, lile roboti lililowekewa kipimo cha ucheshi kwa asilimia. Filamu haituonyeshi hata asubuhi moja ya wale wawili. Walizungumza nini mwaka wa tisa? Utani uliisha lini? Nani kati yao aliacha kwanza kuchungulia dirishani? Kama kuna msomaji anayefahamu filamu iliyotengenezwa kuhusu huyo mngojaji, aniandikie kupitia ukurasa huu. Hiyo nitaitazama bila kushika saa.

Wako,
Fundi saa