Wajukuu zangu, kaangalieni wadi kwanza

Kwenu wajukuu zangu wa Tororo, Busia, Mbale na kwingineko Uganda, mliomaliza kidato cha sita na mnautaka udaktari. Na kwenu wazazi wao pia.

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Tangu matokeo yatoke, watu wanapita kwangu na karatasi za vyuo, na maswali ni yale yale: chuo kipi kina jina, kipi kinapokea haraka, kipi kina majengo mazuri. Mzazi mmoja alinionyesha picha kwenye simu. Ghorofa, vioo, vijana wenye makoti meupe wanacheka. Nikamuuliza, wagonjwa wako wapi? Hakuwa na jibu, na mnunuzi wa shamba lake alikuwa amekwisha kumpata ili ada ilipwe.

Nimekuwa muuguzi na mkunga katika hospitali za serikali mpaka kustaafu. Wanafunzi wa udaktari nimewapokea kutoka vyuo vingi, vyenye jina na visivyo na jina. Aliyekuwa hodari alikuwa yule aliyekaa na wagonjwa, akawashika, akawasikiliza, akakosolewa hapo hapo kitandani na daktari mkubwa. Mwenye karatasi nzuri bila hayo alitutia hofu.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kundi la wanafunzi lilikuwa kubwa kuliko wadi. Mama mzee mwenye tumbo lililojaa maji amelala, nao wamemzunguka safu kwa safu, kila mmoja anataka kulipapasa ini. Wa nyuma hawaoni kitu, wanatazama simu zao. Mama akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyemuuliza jina lake.

Kisha vijana kama hao wanahitimu, wanaletwa kwetu kwa mwaka wa mafunzo kazini. Usiku mmoja mama alijifungua salama, halafu damu ikatoka bila kukoma. Daktari kijana alisimama mikono ikining'inia. "Sista, nifanye nini?" Sababu zote za kutokwa damu baada ya uzazi angeweza kuzitaja moja baada ya nyingine, lakini alikuwa ameona uzazi kutoka safu ya nyuma. Nilimwambia alisugue tumbo la uzazi mpaka likaze, nami nikamchoma oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo hilo. Mama alipona. Kijana yule sikumlaumu. Niliwalaumu waliopokea wanafunzi wengi kuliko vitanda, wakachukua ada zao, wakatuachia sisi wa zamu ya usiku kazi ya kuwafundisha.

Kwa hiyo pandeni gari mwende. Msiishie getini kwa chuo. Nendeni hospitali ambako chuo hicho kinafundishia. Watafuteni wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, muwaulize: mko wangapi kwa kitanda kimoja? Umezalisha kwa mikono yako mwenyewe? Daktari bingwa aliyeandikwa kwenye orodha ya walimu, humwona wadini au humsikia tu? Wanafunzi hawadanganyi wakiwa peke yao na chai.

Tena mjue chuo na hospitali yake. Chuo Kikuu cha Makerere kinafundishia hospitali ya Mulago, tangu 1924. Huko utaona magonjwa ambayo hospitali nyingine huyapeleka kwa rufaa, lakini mbele yako kwenye foleni wamo madaktari wanaosomea ubingwa. Chuo cha Mbarara, kilichoanza 1989, kiko na hospitali ya rufaa ya mkoa. Gulu wana hospitali ya mkoa na pia hospitali ya Lacor, ambako Dkt. Matthew Lukwiya aliwauguza wagonjwa wa Ebola mpaka ikamuua yeye mwenyewe, Desemba 2000. Wa Busia mnaodhani udaktari wa Busitema unasomewa Busitema, sivyo. Uko Mbale, pamoja na hospitali ya rufaa. Huko Ishaka, Chuo Kikuu cha Kampala International kina hospitali yake. Mji mdogo usiwatishe. Kwenye hospitali ya mkoa mwanafunzi anaweza kuwa ndiye mkono wa pili chumba cha upasuaji.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisheni kozi ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na kwamba Baraza la Madaktari linawasajili wahitimu wa chuo hicho. Ulizeni mabaraza yenyewe. Dalali wa chuo hawezi kuwajibu. Ada pigeni hesabu ya miaka mitano yote, pamoja na chumba na chakula, kwa sababu anayekwama mwaka wa tatu hupoteza shamba na kozi pia. Ombeni mkopo wa serikali mapema. Na kama udaktari ni ndoto ya baba tu, mwambieni baba sasa.

Wakubwa wa nchi nao nisiwaache. Vyuo vya udaktari mnaviruhusu, vinaongezeka, na vitanda na walimu haviongezeki kwa kasi hiyo. Mtoto akihitimu mnamweka nyumbani anasubiri kupangiwa hospitali ya mafunzo, na akipangiwa inambidi agome ndipo apate posho yake. Hapo hapo kuna vituo vya afya vya daraja la nne vyenye chumba cha upasuaji kilichofungwa kwa kukosa daktari. Wazazi wameuza ng'ombe na ardhi kwa ajili ya nchi hii. Watendeeni haki watoto wao.

Na wewe mjukuu wangu ambaye alama za kemia na bayolojia hazikufika, usikubali kununuliwa nafasi na mtu yeyote. Soma stashahada ya utabibu, ufanye kazi, kisha uombe udaktari kwa njia ya stashahada. Nimewapokea wadini wanafunzi waliopita njia hiyo. Walikuja wakijua kuweka mpira wa mkojo, kushona kidonda na kuzungumza na mgonjwa, na zamu zao nilikuwa nalala bila wasiwasi.

Bibi yenu,
muuguzi na mkunga mstaafu, Tororo