Michoro ya Kichina si maua na ndege tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu dai ambalo nimelisikia mara nyingi kwa walimu wenzangu wa sanaa hapa Uganda, kwamba michoro ya jadi ya China ni maua, ndege na milima ya kupambia ukuta, na kwa hiyo haiwafai watoto waliokimbia vita. Ninafundisha Nakivale, wilayani Isingiro, katika makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, na ninaamini dai hilo ni kosa kubwa.

Ufalme wa Song, uliotawala China, ulipoangushwa na Wamongolia mwaka 1279, baadhi ya wasomi walikataa kuutumikia utawala mpya, wakawa wageni katika nchi yao wenyewe. Mmoja wao, Zheng Sixiao, alichora okidi kwa wino mweusi, majani machache na ua lake, wala hakuchora udongo chini yake. Husimuliwa kwamba alipoulizwa sababu alijibu kuwa udongo ulikuwa umeporwa. Mchoro wake wa mwaka 1306 ungalipo katika jumba la makumbusho mjini Osaka, Japani. Hauna askari wala mtu aliyejitwika mzigo, lakini sijaona picha inayomweleza vizuri zaidi mtu aliyenyang'anywa kwao. Gong Kai, aliyeishi wakati huohuo, alichora farasi aliyekonda na kuinamisha kichwa, akaeleza kwamba farasi bora huwa na mbavu 15, nazo hazionekani mpaka akonde. Huo ndio unaonigusa kuliko yote, kwa kuwa hapa Nakivale nimewaona watu waliokuwa walimu na wauguzi huko Kongo wakichota maji ya wengine kwa ujira.

Wanafunzi wangu wakipewa karatasi huchora bunduki na nyumba zinazowaka, na siwalaumu. Muhula huu, baada ya kuitazama okidi ile, niliwaomba wamchore Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepelekwa uhamishoni Seychelles na Waingereza mwaka 1899 na kufariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi Bunyoro, kwa sharti kwamba silaha isionekane. Msichana mmoja alichora kigoda kitupu kando ya maji, basi.

Hata hivyo, nisingependa tuwafundishe kwamba uaminifu una sura moja. Zhao Mengfu, mzaliwa wa ukoo wa wafalme wa Song, alikubali kumtumikia Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, na akalaumiwa kwa karne nyingi. Alichora kondoo na mbuzi wakiwa pamoja, na wapo wataalamu wanaowaona wanyama hao kuwa Su Wu, mjumbe wa China ya kale aliyezuiliwa na Waxiongnu, wafugaji wahamaji wa kaskazini, kwa miaka 19 akichunga mifugo bila kumwasi mfalme wake, na Li Ling, jemadari aliyejisalimisha kwa adui yuleyule. Mimi siwezi kumhukumu Zhao. Mzazi anayejifunza Kinyankole na kulima shamba alilogawiwa Isingiro, ili watoto wake wale, hajaisaliti Kongo.

Ninawaomba wanaotunga mitaala ya sanaa watenge walau vipindi viwili kwa michoro hii, na wewe, Ndugu Mhariri, uichapishe okidi ya Zheng Sixiao katika ukurasa wa watoto, kwa ukubwa unaotosha kubandikwa darasani, kwa sababu shule nyingi za huku hazina kitabu hata kimoja chenye picha yake.

Wako,
Mwalimu wa sanaa,
Nakivale