Barua kuhusu namna ya kumuenzi Delilah Beasley

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote ulio nao. Barua yako nimeipata, na swali lako, kwamba ni nani astahiliye kutangulia katika makala zenu za kuwaenzi wanawake wa magazeti, nimelitafakari vya kutosha. Jibu langu ni Delilah Beasley wa Oakland, California. Niwie radhi nikirefusha maelezo, kwa kuwa nahofia mtamtaja kwa sifa ile ile inayorudiwa na kila mtu, kwamba alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini Marekani kuandika safu ya kudumu katika gazeti kubwa la Wazungu. Sifa hiyo ni yake kwa haki, ila haituelezi kazi aliyoifanya.

Alizaliwa Cincinnati, Ohio, na tangu akiwa binti mdogo alikuwa akipeleka habari kwa Cleveland Gazette, gazeti la Watu Weusi. Wazazi wake walipofariki ilimbidi ajitafutie riziki, kwanza kwa kazi za nyumbani na baadaye kwa kukanda wagonjwa. Alipohamia California mwaka 1910 hakuwa na shahada ya historia, lakini alijitwika kazi ambayo wenye shahada hawakuwa wameigusa, yaani historia ya Watu Weusi wa California: kwa takriban miaka minane alipekua magazeti ya kale katika maktaba ya Bancroft huko Berkeley, akasoma kumbukumbu za mahakama, na akawaendea wazee waliokuwa bado wakikumbuka mambo ya zamani, ili yaliyokuwa vichwani mwao yasizikwe pamoja nao. Matunda yake ni kitabu The Negro Trail Blazers of California, kilichotoka mwaka 1919 kwa juhudi zake mwenyewe.

Ukitaka kuona ubora wake, anza na habari za utumwa. Katiba ya California ya mwaka 1849 ilikwisha kupiga marufuku utumwa, lakini mabwana waliendelea kuingia na watumwa wao kana kwamba haikuandikwa. Mmoja wa walioletwa hivyo alikuwa Biddy Mason. Bwana wake alipotaka kuwahamishia Texas, ambako utumwa uliruhusiwa, yeye na wenzake, shauri lilifikishwa mwaka 1856 mbele ya Jaji Benjamin Hayes mjini Los Angeles. Kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimkataza Mtu Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu, jaji alimhoji Biddy faraghani, na mwishowe watu 14 wakatangazwa kuwa huru. Biddy aliishi kwa ukunga, akanunua kiwanja Spring Street mwaka 1866 kwa dola 250, na alipofariki mwaka 1891 alikuwa mtu mwenye mali. Mwandishi mwingine angeridhika na kumsifu. Beasley aliuchapa uamuzi wenyewe wa mahakama, pamoja na majina ya wote waliokombolewa, wakiwemo watoto wa Biddy, Ellen, Ann na Harriet, na hata kitoto cha wiki mbili cha mwanamke mwenziwe Hannah, kilichoandikwa bila jina. Kwangu mimi, orodha hiyo inazidi kurasa nyingi za sifa.

Wapo wanahistoria waliokilaumu kitabu hicho kwa mpangilio wake, na sikufichi, lawama hiyo ina msingi. Mambo mazito yamechanganyika na wasifu wa watu waliokuwa hai, kila mmoja akipambwa kuliko mwenziwe, hata msomaji akachoka. Mliseme hilo waziwazi katika makala, ila mwongeze kwamba anayekikosoa leo mara nyingi hana pengine pa kuyapata majina hayo isipokuwa humo humo.

Kuhusu gazeti, safu yake katika Oakland Tribune ilianza mwaka 1923, na aliiendeleza hadi alipofariki mwaka 1934. Humo aliandika habari za makanisa, vyama vya wanawake, vijana waliohitimu na wageni waliopita mjini. Kwa juu juu unaweza kuziona ni habari ndogo ndogo, lakini kumbuka kwamba katika magazeti makubwa ya siku hizo jina la Mtu Mweusi lilionekana zaidi katika taarifa za uhalifu. Msomaji Mzungu aliyefungua gazeti lake sasa alikutana na majirani ambao hakuwahi kuwabishia hodi, wakiwa katika shughuli zao za kawaida. Zaidi ya hapo aliwabana wahariri waache majina ya matusi waliyozoea kuwaitia watu wake, shughuli ambayo nadhani ilihitaji ujasiri zaidi kuliko kuandika safu yenyewe, kwani mkate wake ulitoka kwa wahariri hao hao.

Kwa hiyo, dada, ombi langu ni kwamba ile orodha ya watu 14 waliokombolewa ichapwe yote, si kwa muhtasari, hata kama itawalazimu mpunguze picha, na kwamba aitwe mwanahistoria bila kuongezewa neno “asiyesomea”. Rasimu ikiwa tayari nitumie niipitie kabla haijafika kwa mhariri wenu, maana miaka na majina hukosewa kwa urahisi.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.