YAH: KUFUNGA SHULE, KADI ZA MANENO NA ADA

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Gari litakwenda safari moja tu.

Nianze na la furaha. Juzi boza lilisimama getini kujaza simtangi letu. Watoto wa darasa la wadogo, wengi hawajatimiza hata miaka minne, walikuwa kwenye bembea. Mmoja akanyoosha kidole kwenye maandishi ubavuni mwa boza: "Maji!" Mwenzake akadakia, "Kama ya kwenye ndoo!" Hakuna aliyewatajia. Neno hilo wanaliona kila siku kwenye kadi ya ndoo ya kunawia, kama wanavyoona MLANGO, MEZA na majina yao juu ya misumari ya mabegi. Nilitoka ofisini mbio, nikawakuta wanalizunguka boza wakitafuta neno jingine.

Hiyo ndiyo kazi ya kadi za maneno, za darasani na hizo wanazokuja nazo nyumbani. Ba, be, bi, bo, bu zitakuja, na hazitawasumbua, maana Kiswahili husomwa kinavyoandikwa. Kwanza mtoto ajue kwamba maandishi yanasema kitu, na awe na maneno ya kutosha mdomoni. Ndiyo maana tunacheza duka, tunategeana vitendawili na kutumana: "Niletee kifuniko, siyo sufuria." Mtoto asiyejua kifuniko ni nini, hata akija kuunganisha silabi zake vizuri atakuwa anaimba tu.

Sasa lililonikera. Mzazi mmoja, anajijua, aliingia darasani asubuhi, akapekua begi la mwanawe mbele ya wenzake na kumfokea mwalimu kwamba halipi ada ili mtoto "achezeshwe" na kurudi na daftari tupu. Mtoto hakufungua mdomo mpaka uji ulipoletwa. Jambo hilo lisirudiwe. Mwenye malalamiko aje ofisini, nipo kuanzia saa moja. Nanyi mnaomkalisha mtoto usiku na rundo la kadi, fimbo ikiwa mezani, tumewajua pia: mtoto wenu akiona kadi siku hizi anaficha mikono nyuma. Kadi tatu zinatosha, dakika tano, mkiwa mnacheka. Akichoka, mwacheni akalale.

Kadi zote zirudishwe, hata zenye mafuta ya maandazi.

Ada. Nimeandika, nimepiga simu, nimetuma ujumbe. Naambiwa "mwisho wa mwezi", na mwezi wenyewe hautajwi. Wakati huohuo tunaona kwenye stetasi keki ya ghorofa tatu ya mtoto yuleyule anayedaiwa tangu muhula uliopita. Walimu nao wana kodi ya nyumba. Aliyekwama kweli aje tupange awamu, sijawahi kumfukuza mtu aliyekuja kuzungumza. Anayenikwepa getini, mwanawe hatapokelewa siku ya kufungua bila stakabadhi ya benki. Msimpe fedha dereva.

Utoro wa Jumatatu umezidi. Harusi ya Jumapili si ugonjwa.

Sare ni ileile.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu