Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Uganda: mshtakiwa asomewe shtaka kwa Kiswahili anachokielewa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Tunakuandikia kwa heshima, sisi tunaowasaidia washtakiwa wanaozungumza Kiswahili. Anayekamatwa Busia, Malaba au Arua, au karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mara nyingi huamriwa kwa Kiswahili kupanda gari la polisi. Kituoni, maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza. Mahakamani, kwa mujibu wa sheria, kesi huendeshwa kwa Kiingereza. Lugha iliyotosha kumkamata haimsaidii tena kujitetea.

Katiba imeligusa jambo hili zaidi ya mara moja. Ibara ya 23(3) inataka anayekamatwa aambiwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili. Ibara ya 28(3) inataka aelezwe kosa lenyewe kwa lugha hiyo hiyo, na kama haelewi lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Maneno "bila malipo" yamo ndani ya Katiba yenyewe, kwa hiyo yeyote anayeombwa chochote kwa ajili ya mkalimani ana haki ya kukataa.

Taabu inaanzia kwenye hati ya mashtaka. Hati hiyo ina sehemu mbili: kwanza jina la kosa na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya kosa, yaani nani, lini, wapi, alifanya nini na alimfanyia nani. Anayeitafsiri mara nyingi ni karani wa mahakama, mtu mwenye mafaili mengine yanayomsubiri, ambaye hakufundishwa msamiati wa sheria kwa Kiswahili. Basi huifupisha: "Unashtakiwa kwa kumpiga mtu." Kumpiga vipi? Kuna shambulio la kawaida, ambalo kifungo chake hakizidi mwaka 1. Kuna shambulio lililosababisha madhara mwilini, kifungo kisichozidi miaka 5. Kuna kusababisha madhara makubwa, miaka 7. Yote matatu yakitafsiriwa "kumpiga", mshtakiwa hajui anajibu lipi. "Kuua" ni hatari zaidi. Kuua kwa kukusudia kunaweza kuishia kwenye hukumu ya kifo, na kuua bila kukusudia ni kosa jingine kabisa. Kinachoyatenganisha ni dhamira, nayo ndiyo hupotea kwanza tafsiri inapofupishwa.

Tena Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtu wa Goma au Bukavu akisema "nilikamata ile simu", anaweza kuwa na maana kwamba aliichukua tu, pengine alipewa mkononi. Karani aliyezoea Kiswahili cha kituo cha polisi akiandika kwamba aliinyakua, kesi imekwisha kuegemea upande mmoja kabla shahidi hajaitwa.

Sasa hatua ya kujibu shtaka. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu bado zinaufuata. Shtaka na kila kiungo muhimu cha kosa, yaani kila jambo linalolifanya kitendo kuwa kosa hilo, vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, au yaliyo karibu nayo kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka asimulie mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akiyapinga, au akitoa maelezo yanayotia shaka juu ya hatia yake, iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo anayesema "ndiyo, nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia kwa panga" hajakiri kosa, kwa sababu anadai alijihami. Anayesema "nilichukua ng'ombe, lakini ni wangu" naye hajakiri wizi. Mkalimani akiishia kwenye "ndiyo", hakimu anaandika hatia ambayo haikutamkwa na mtu. Swali "umekubali?" nalo linamponza mshtakiwa, maana wengi hulisikia kama "umeelewa?", wakajibu ndiyo kwa adabu.

Kwenye makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, kama vile kuua kwa kukusudia, hakimu husoma shtaka bila kumruhusu mshtakiwa kujibu. Asipoelezwa sababu, mshtakiwa hutoka akiamini kwamba amenyamazishwa na amekwisha kuhukumiwa. Sentensi mbili zingetosha: mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kosa hili, na utajibu mbele ya jaji. Hapo hapo aambiwe kwamba kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha linampa haki ya wakili anayelipwa na Serikali.

Dhamana nayo hukwama kwenye lugha. Anayeshikiliwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na bondi ya polisi, yaani dhamana inayotolewa kituoni, haina malipo. Akiwa rumande kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama ya chini pia, siku 60 zikipita kesi haijaanza, mahakama inapaswa kumwachia kwa dhamana. Kama ni kosa la Mahakama Kuu pekee, ni siku 180 zikipita kesi haijapelekwa rasmi huko. Ni nani atakayezihesabu siku hizo asipojua kwamba zipo? Wadhamini nao hufika bila kitambulisho au barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa kuwa masharti yalisomwa kwa Kiingereza, na mtu hurudi rumande kwa kukosa karatasi moja.

Mheshimiwa, hatuombi sheria mpya. Ibara ya 133 inakupa uwezo wa kutoa maagizo kwa mahakama. Tunaomba uagize kwamba kabla ya kusoma shtaka hakimu amuulize mshtakiwa lugha anayoielewa, na ni ya wapi, kisha jibu liandikwe kwenye jalada pamoja na jina la mkalimani. Tunaomba orodha moja ya makosa ya kawaida kwa Kiswahili, pamoja na viungo vyake, iwekwe mezani kwa kila karani. Tunaomba jibu la mshtakiwa liandikwe kwa Kiswahili alichokitamka, na tafsiri ifuate chini yake, ili jaji wa rufaa aweze kuvilinganisha. Na mshtakiwa anapopelekwa rumande, apewe karatasi yenye jina la kosa, tarehe ya kurudi mahakamani, na siku ambayo zile 60 au 180 zitatimia.

Tunasubiri jibu lako.

Wako kwa heshima,
Wasaidizi wa sheria kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Uganda