Mdogo wangu kaandika kwenye fomu kwamba mimi ndo namuamulia maisha yake

Shangazi shikamoo. Naomba usitaje jina langu maana huyu ninayemuandika anakusoma, tena yeye ndo alinizoesha kukusoma. Sijalala usiku kucha kwa hiyo maneno yakipishana nisamehe.

Ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Aliumia uti wa mgongo kwenye ajali, pingili ya nne ya kifua, mikono yake mizima ila kuanzia kifuani kushuka chini hana hisia wala nguvu. Mama alipofariki nikabaki naye mimi, hakuna kikao kilichokaa, ilieleweka tu kwamba ni mimi. Na sijawahi kulalamika mbele yake hata siku moja, hilo naomba ulishike kabla sijaendelea.

Sasa kuna hii huduma ya jamii ya watu wenye ulemavu wanaoishi majumbani, wanakuja wanamfanyia mtu tathmini, anahitaji msaada wa nini, masaa mangapi kwa wiki, nani amsaidie. Aliyehangaika mpaka wakaja ni mimi. Mhudumu akaja, na yeye anatembelea kiti cha magurudumu, wakajifungia chumbani wakaongea weee, sikuitwa. Akaondoka, fomu ikabaki mezani kwa sababu ina sehemu ya mlezi natakiwa nijaze. Nikaisoma yote, sasa ningejazaje kitu ambacho sijakisoma? Kuna swali linauliza nani anaamua mambo yako ya kila siku, saa ya kulala, kuamka, kuoga, kutoka, nani aingie chumbani kwako. Kaandika dada. Basi, hakuna maelezo. Linalofuata, ungependa nani aamue, kaandika mimi mwenyewe.

Shangazi ukisoma vile utadhani nimemfungia ndani!

Mtu asiye na hisia akikaa sehemu moja muda mrefu damu haipiti, ngozi inakufa, kidonda kinachimba kwenda mfupani na mwenyewe hasikii kitu. Alishatoka nacho kimoja hospitali, kwenye makalio, mimi ndo nilikiuguza nyumbani mpaka kikafunga. Ndo maana usiku naamka kila masaa mawili kumgeuza. Ndo maana namwambia jiinue, jiinue kwenye kiti, najua inamkera. Na hiyo ya kuingia bila kubisha hodi, watu walioumia juu hivyo mpira wa mkojo ukijikunja tu au ukiziba presha inapanda ghafla, kichwa kinapasuka, jasho linamtoka usoni, na ukichelewa anaweza kupata kiharusi. Ilishamtokea. Nani alimkuta? Nikamkalisha wima, nikamlegeza nguo, nikaunyoosha mpira, mkojo ukatoka akatulia. Ningekaa mlangoni kungoja karibu saa hizi tungekuwa tunaongea nini? Halafu leo nimekuwa wa kuandikwa kwenye fomu.

Huyo mhudumu anasema mtu mwenye jeraha kama lake, mikono ikiwa mizima, anaweza kufundishwa kujigeuza mwenyewe, kujihamisha kitandani kwenda kwenye kiti kwa ubao, kuikagua ngozi yake kwa kioo, hata kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija wa kuingiza na kutoa badala ya kukaa na mpira muda wote. Na kuna magodoro yanayopunguza mgandamizo, usiku watu hawageuzwi mara nyingi hivyo. Yaani nimesikia hayo nikaishiwa nguvu. Hospitali walimruhusu na tarehe ya kliniki tu, hakuna aliyetuambia anaweza kufundishwa. Nifurahi? Nimefurahi, ni mdogo wangu. Ila mbona yeye kafurahi kama mtu aliyeokolewa kutoka kwangu.

Tangu hapo ni haki, haki, haki. Kanisomea ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 19, kwamba ana haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye kama watu wengine, asilazimishwe. Kalisoma hilo la "wa kuishi naye" huku ananiangalia. Sijui kama aliniangalia makusudi, mi niliona ananiangalia. Halafu akanipa habari za yule Mmarekani Ed Roberts, alipooza kwa polio, analala kwenye mashine ya kumpumulisha, na bado akaenda chuo kikuu pale Berkeley, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha kusaidia watu wenye ulemavu wajitegemee, kinaendeshwa na wao wenyewe. Nikaenda na mimi kumsoma huyo Roberts. Kumbe shule ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakufanya michezo wala mafunzo ya kuendesha gari, na aliyepigana naye bega kwa bega ni mama yake! Nikamwambia, unaona, na yeye alikuwa na mtu. Akanijibu taratibu kabisa, ndio dada, lakini baadaye alipata wasaidizi wake wa kulipwa, mama yake akabaki kuwa mama.

Sikuwa na la kusema. Bado sina.

Anachotaka ni msaidizi binafsi. Mtu anayemchagua yeye mwenyewe, anayepokea maelekezo kwake, akimuudhi anambadilisha. Nikamuuliza mimi na huyo mtu baki nani anakujua? Akasema wewe dada unanijua, ila wewe siwezi kukuambia leo sitaki. Shangazi mimi angeniambia leo sitaki ningemsikiliza. Nadhani ningemsikiliza. Kama ni kuoga kuna siku haiwezekani kusema sitaki, ngozi inataka usafi.

Usije ukafikiri namng'ang'ania. Mgongo wangu umekwisha kwa kumnyanyua, kazi niliacha, kuna mtu alinisubiri akachoka akaenda zake na simlaumu. Naombaga msaada kila siku. Walishaniambia kuna mpango wa kumpumzisha mlezi, mtu anakuja kukaa na mgonjwa siku mbili tatu wewe unaenda kulala mahali, nikakataa, kwa sababu huyo mtu atajuaje kwamba akianza kunyamaza sana na jasho linamtoka ujue mpira umeziba? Hayo hayajaandikwa popote, ninayo mimi kichwani. Na yeye hapendi nikisema mgonjwa, anasema haumwi, ana ulemavu. Sawa.

Sasa kwenye sehemu yangu wameuliza kitu kimoja kikubwa, je mlezi yuko tayari na anaweza kuendelea. Mhudumu kanieleza wazi kwamba nikiandika naweza, wanaopanga masaa wataona familia ipo, watampa masaa machache au wasimpe kabisa. Nikiandika siwezi, atapata zaidi, labda hata msaidizi wa usiku na baadaye pa kuishi mwenyewe. Kwa hiyo maisha yake yote anayoyataka yanangoja mimi niandike kwamba nimeshindwa. Mimi ambaye sijashindwa! Nikae niandike kwa mkono wangu siwezi kumlea mdogo wangu, karatasi ibaki kwenye faili lao, na yeye ataisoma kama nilivyosoma ya kwake. Ndugu nao wataisikia, hao ambao hawajawahi kumgeuza hata usiku mmoja, watasema kamtupa. Na nikiandika naweza ili kulinda jina langu atabaki humu ndani ananiangalia vile, na ile dada aliyoandika itakuwa kweli.

Kuna muda usiku nilitaka niandike tu naweza, nisaini, yaishe. Sikutaka kumkomoa, niliona tu mbona mimi sijaulizwa ningependa nani aamue yangu.

Mhudumu anarudi Jumatano kuichukua. Usiniambie nikae naye tuongee, nimekaa naye, yeye anaongea haki mimi naongea vidonda. Niambie kuna namna ya kuandika kwamba naweza ila isiwe lazima niwe mimi? Wanakubali jibu kama hilo au wataniambia nichague ndio au hapana? Na akishapata huyo msaidizi, ile namna ya kumjua mpira ukiziba, nimfundishe mimi huyo mtu au nimuache mdogo wangu amfundishe mwenyewe? Maana hata hilo sijui kama bado ni langu.

Nijibu kabla ya Jumatano shangazi, hata kwa kifupi.